Siku Kuu ya Mtoto ni ya Nani?

(Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa kwenye mkutano wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyachapisha ili vikundi ambavyo havikuweza kufika viyasome na kuyajadili.)

Twajua palizi inangoja, kwa hivyo hatutawachosha.

Mara nyingi tukija hapa huwa tunazungumza juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji, mikopo na mbolea. Leo akina mama wametuomba tuzungumze juu ya jambo ambalo wengine wataliona dogo, yaani sherehe za nyumbani tukiwa na watoto wadogo. Tunasema juu ya siku ya kupewa jina, ubatizo, Krismasi, Idd kwa majirani wetu Waislamu, siku ya kuzaliwa, na hata ile asubuhi mtoto anapovaa yunifomu kwa mara ya kwanza. Sherehe hizi ndizo utamu wa maisha ya familia. Lakini pia ndizo siku ambazo pesa nyingi hutoka mfukoni, ndizo siku ambazo mtoto huungua, na ndizo siku ambazo mama hulala amechoka na amenuna. Basi si jambo dogo hata kidogo.

Mwenye sherehe amesahauliwa

Hebu tutazame sherehe moja kama zile tunazozijua sote. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu amebatizwa leo. Hema limekodiwa, viti vimeletwa, spika kubwa imewekwa mlangoni. Kuku wanne wamechinjwa, chapati zimepikwa tangu saa kumi za alfajiri. Wageni waheshimiwa wameketi mbele, wamepewa nyama na soda. Hotuba zinatolewa, moja baada ya nyingine.

Na mtoto yuko wapi? Yuko nyuma ya nyumba, amebebwa na dada yake wa miaka minane ambaye naye hajala. Analia kwa sababu usingizi umemshika na kelele za spika hazimwachi alale. Nguo yake mpya inamkwaruza shingoni. Mama yake hajamwona tangu saa nne, maana yuko jikoni. Ukimwuliza mtu yeyote pale kwenye hema, "Hii sherehe ni ya nani?" atakujibu upesi, "Ni ya mtoto!" Lakini mtoto mwenyewe amesahauliwa.

Hatusemi kwamba wageni wasije. Mgeni ni baraka, na mtoto wa Kiafrika ni mtoto wa ukoo mzima. Tunasema tu kwamba kabla ya kukodi hema, baba na mama waketi na kujiulizana: Mtoto wetu atapata nini siku hiyo? Atakula saa ngapi? Atalala wapi? Nani atamshika? Mkiweza kujibu maswali haya manne, mengine yatafuata.

Jina ni zawadi ya kwanza

Sherehe ya kwanza ya mtoto ni kupewa jina, na katika jambo hili watu wetu wana utajiri mkubwa. Kwa Wakikuyu, kwa desturi, mvulana wa kwanza huitwa jina la babu yake mzaa baba, na msichana wa kwanza la nyanya mzaa baba, kisha wanaofuata huchukua majina ya upande wa mama. Kwa Wajaluo, mtoto aliyezaliwa usiku huitwa Otieno au Atieno, na wa wakati wa mvua huitwa Okoth au Akoth. Wabukusu wana Wafula na Nafula kwa waliozaliwa wakati wa mvua, na Nekesa kwa msichana wa wakati wa mavuno. Wakalenjin wana Kiprop na Cherop kwa waliozaliwa mvua ikinyesha. Waislamu wa Pwani hufanya akika, na siku inayopendekezwa ni ya saba: nywele za mtoto hunyolewa, mnyama huchinjwa, na nyama hugawiwa jamaa, majirani na maskini.

Mwaona? Desturi hizi hazihitaji hema wala spika. Zahitaji watu wanaompenda mtoto, na mzee wa kumwelezea maana ya jina lake atakapokua. Tunawaomba akina nyanya na akina babu mliopo hapa: msingoje mpaka mwulizwe. Mkalisheni mtoto mapajani mumwambie, "Wewe umeitwa jina hili kwa sababu hii na hii." Mtoto wa miaka mitatu husikia. Na akisikia kwamba jina lake lilikuwa la mtu aliyeheshimiwa, au kwamba mvua iliyongojewa sana ilinyesha siku aliyozaliwa, huinua kichwa.

Pamoja na hilo, jina liandikwe. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya kuwa na jina na uraia tangu kuzaliwa. Mtoto akizaliwa hospitali, fomu hujazwa pale pale. Akizaliwa nyumbani, mwende kwa naibu wa chifu. Fanyeni hivyo kabla miezi sita haijapita, maana baada ya hapo usajili huwa ni wa kuchelewa, na una mambo mengi zaidi ya kutimiza. Tumewaona wazazi wakihangaika huku na huku kutafuta cheti cha kuzaliwa wakati mtoto anataka kuingia shule, na hali walipompa jina walichinja ng'ombe mzima. Ng'ombe ameliwa akaisha, na cheti hakuna. Kikundi kinaweza kusaidia: kila mtoto akizaliwa kwa mwanachama, mwenye kitabu aulize baada ya miezi miwili, "Je, mmeandikisha?"

Desemba na dada yake Januari

Sasa tuje kwenye pesa. Krismasi huja tarehe 25 Desemba kila mwaka. Haijawahi kubadilika, wala haiji ghafla kama nzige. Na bado kila mwaka inatukuta tumekaa tu. Watoto wa mjini wanakuja, nauli za matatu zimepanda, nyumba imejaa, na mtu anakwenda kukopa.

Wacha tufanye hesabu pamoja. Tuseme mzazi amekopa shilingi 5,000 mwezi wa Desemba, kwa riba ya asilimia 10 kila mwezi. Amekula na wageni wake, wamefurahi. Akilipa mwisho wa Machi, riba ya miezi mitatu ni shilingi 1,500, kwa hivyo analipa 6,500. Hizo 1,500 hazikununua hata mfupa mmoja. Na hapo katikati Januari imefika. Ni kweli masomo ya shule za msingi za umma hayalipiwi karo tangu mwaka 2003. Lakini yunifomu inanunuliwa, viatu vinanunuliwa, daftari, na chakula cha mchana. Ndipo mtoto aliyekula kuku tarehe 25 anakaa nyumbani wiki mbili akingoja viatu.

Haba na haba hujaza kibaba. Tuseme kikundi chenu kina nyumba 20. Kila nyumba inaweka shilingi 100 kwa wiki, kuanzia Februari hadi mwezi wa kumi na moja, wiki 40. Kila nyumba itakuwa na shilingi 4,000, na kikundi kizima kitakuwa na shilingi 80,000. Sasa gawanyeni fungu la kila nyumba hivi:

Fungu la kwanza, shilingi 2,000, ni la shule. Hili lisiguswe mpaka Januari. Afadhali kikundi kinunue daftari kwa jumla, ambako bei ni nafuu, kisha kiwagawie wanachama.

Fungu la pili, shilingi 1,500, ni la siku kuu. Nyumba 20 zikiunganisha, hiyo ni shilingi 30,000. Kununua unga, mchele, sukari na mafuta kwa magunia na mitungi mikubwa mwezi wa kumi na moja, kabla bei hazijapanda, ni bora kuliko kila mtu kukimbilia dukani tarehe 24 jioni. Vikundi vingine hununua ndume mdogo mapema, wakamlisha kwa zamu, na siku ikifika wakagawana nyama.

Fungu la tatu, shilingi 500, ni la dharura. Mtoto akiugua usiku wa siku kuu, pesa za kumpeleka hospitali zipo.

Kama 100 ni nyingi, anzeni na 50 au hata 20. Kiasi kinachoumiza watu hakidumu. Na pesa ziwekwe mahali salama, kwa majina ya watu watatu, si chini ya godoro la mweka hazina.

Sahani ya mtoto

Chakula kimepatikana. Je, mtoto atakula? Katika nyumba nyingi, siku ya karamu watoto hula mwisho, na hula pamoja kwenye sinia moja. Huko kwenye sinia mwenye mkono mrefu ndiye mwenye bahati. Mtoto wa miaka kumi atamaliza nyama, na wa miaka miwili atalamba mchuzi. Dawa yake ni rahisi. Kila mtoto mdogo awe na sahani yake, na apakuliwe kwanza, kabla ya wageni. Tunajua wengine watasema si heshima. Lakini mgeni mzima anaweza kungoja nusu saa bila kulia, na mtoto mchanga hawezi.

Mtoto ambaye hajafikisha miezi sita anyonye tu. Wale shangazi wanaokuja na kijiko, "Wacha nimwonjeshe kidogo, ni siku kuu," wakatazwe kwa upole. Hata asali, mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, maana inaweza kuwa na vijidudu vya hatari kwake. Mtoto wa zaidi ya miezi sita anaweza kula yale tunayokula: viazi vilivyopondwa, nyama iliyokatwa ndogo sana, maharagwe, mayai, papai, ndizi. Lakini karanga, bisi na peremende ngumu ziwekwe mbali na wadogo, maana humsakama mtoto kooni. Soda pia si maziwa. Ikijaza tumbo la mtoto, chakula hakina pa kuingia.

Kuhusu nyama, twawasihi: msinunue nyama ya mnyama aliyekufa au aliyekuwa mgonjwa, hata ikiwa rahisi namna gani. Ugonjwa wa kimeta huingia kwa watu kwa njia hiyo. Tafuteni nyama iliyopigwa muhuri na mkaguzi. Na chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Pilau iliyolala mezani na nzi ndiyo inayojaza watoto kwenye zahanati tarehe 26. Kinachobaki kifunikwe, kiwekwe mahali pa baridi, na kipashwe moto mpaka kichemke.

Mtoto akianza kuharisha, mpeni maji ya dawa ya chumvi na sukari kutoka zahanati. Someni kwenye pakiti mwone ni ya maji kiasi gani, maana pakiti hazilingani. Apewe pia tembe za zinki kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma. Na aendelee kunyonya na kula. Akiwa mlegevu, hanywi, au anatoa damu, msingoje asubuhi.

Mlinzi wa watoto

Sasa tuingie kwenye jambo lililotufanya tukubali kuzungumza leo. Katika nyumba moja tuliyoitembelea, siku ya furaha iligeuka kilio. Watu wengi walikuwepo, wote watu wazima wenye akili, na kila mmoja alidhani mwingine anamwangalia mtoto. Mtoto wa miaka miwili alivuta kitambaa cha meza, na chai ya moto ikammwagikia kifuani na mkononi. Alipona, tunashukuru, lakini alilazwa majuma mengi na kovu analo. Hakuna aliyekuwa mbaya pale. Hakukuwa na aliyeambiwa, "Wewe ndiwe mlinzi."

Kwa hivyo tunapendekeza kwamba katika kila sherehe, hata ikiwa ndogo, wachaguliwe watu wazima wawili wawe walinzi wa watoto kwa zamu ya saa moja moja. Mlinzi asipike, asipakue, asinywe pombe. Kazi yake ni kuwahesabu watoto na kuwatazama. Ikibidi mfungeni leso mkononi ili wote wajue zamu ni ya nani. Si kazi ya mtoto wa miaka minane. Naye ni mtoto, aachwe acheze.

Mambo ya mlinzi kuangalia ni haya:

Kwanza, moto. Sufuria za karamu ni kubwa kuliko za kila siku, na mafiga huwekwa nje mahali watoto wanapokimbilia. Chorea mduara wa majivu kuzunguka moto, hatua tatu kila upande, na uwaambie watoto huo ni mto wa mamba, hakuna kuuvuka. Mtoto akiungua, mwagieni sehemu hiyo maji safi ya baridi kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno, wala mafuta, wala ute wa yai. Funikeni kwa kitambaa safi, mwende hospitali.

Pili, mafuta ya taa. Siku za sherehe chupa za soda huzagaa kila mahali, na katika nyumba nyingi mafuta ya taa hutiwa kwenye chupa hizo hizo. Mtoto ataonaje tofauti? Mafuta ya taa, dawa ya ng'ombe na sabuni ya maji viwekwe juu, pamefungwa. Mtoto akiyanywa, msimtapishe, maana yataingia kwenye mapafu. Mpelekeni hospitali mara moja, na mchukue ile chupa ionekane.

Tatu, maji. Mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama ndani ya ndoo au beseni la maji machache. Madumu na mapipa yafunikwe, beseni lililooshewa vyombo limwagwe.

Nne, magari na geti. Wageni wakiwa wanaondoka, watoto hukimbilia nyuma ya gari kupunga mkono. Dereva hawaoni. Mlinzi awakusanye kwanza, ndipo gari lirudi nyuma.

Tano, glasi zilizobaki na pombe. Zikusanywe mara moja.

Baba, siku hiyo uko wapi?

Akina baba, tusikasirikiane. Katika sherehe nyingi mama huchota maji, hupasua kuni, hupika, hupakua, huosha, na usiku humwogesha mtoto. Baba hununua nyama, kisha huketi na wageni. Kununua ni vizuri, lakini hakutoshi. Kazi zinazoweza kugawanywa ni nyingi: kuchota maji, kuchoma nyama, kubeba viti, kuosha sufuria zile kubwa zinazovunja mgongo, na kumlaza mtoto. Baba anayemlaza mtoto wake hapungukiwi na kitu.

Mtoto wa miaka minne hakumbuki ulinunua kilo ngapi za nyama. Anakumbuka kama baba alirudi nyumbani akimwita kwa jina au akipiga mateke mlango. Pesa za siku kuu zikiishia kilabuni, mtoto anakosa vitu viwili: chakula na baba. Na hofu ya usiku mmoja wa Krismasi inaweza kukaa naye miaka mingi.

Siku ya kuzaliwa bila kelele

Wazee wetu wengi hawakujua tarehe yao. Waliambiwa, "Ulizaliwa mwaka wa njaa," au wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa 1952, au karibu na Uhuru wa 1963. Watoto wetu tarehe zao zimeandikwa, na wanaposikia wenzao wa mjini wamekatiwa keki, nao wanauliza. Si vibaya kuwafurahisha. Lakini si lazima keki ya dukani ya maelfu.

Keki inaweza kupikwa kwa sufuria na jiko la makaa. Chukua vikombe viwili vya unga wa ngano, vijiko viwili vidogo vya beking pauda, kikombe kisichojaa cha sukari, nusu kikombe cha mafuta ya kupikia, mayai matatu na nusu kikombe cha maziwa. Piga mafuta na sukari mpaka vilainike, tia mayai moja moja, kisha unga uliochanganywa na beking pauda, halafu maziwa. Ukiwa na limau, kwangua ganda lake kidogo ndani. Paka mafuta sufuria ndogo, mimina, uiweke ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga uliokwisha pata moto. Funika, weka makaa machache juu ya kifuniko, na moto wa chini uwe mdogo. Baada ya dakika 40 hivi choma kwa kijiti safi. Kikitoka kikavu, keki iko tayari. Mtoto aruhusiwe kukoroga, akiwa mbali na moto. Atajisifia keki hiyo mwaka mzima.

Kuna na hii desturi ya kumwagia maji mtu anayeadhimisha siku yake. Kwa vijana ni mchezo. Lakini mtoto wa miaka mitatu kumwagiwa ndoo ya maji baridi jioni si mchezo, ni kitisho. Mkitaka, mpeni kikombe yeye ndiye awamwagie ninyi miguuni. Mtamsikia anavyocheka!

Na zawadi? Gari la waya lenye magurudumu ya slipa kuukuu, mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba, mwanasesere wa gunzi la mahindi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unataja katika kifungu cha 31 haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Kwa hivyo kucheza si uvivu. Babu akikaa na mjukuu wakitengeneza gari la waya, huyo mtoto amepata gari na amepata babu.

Yule aliye nyuma ya nyumba

Tuna jambo moja zito la kusema. Wageni wakija, kuna watoto wanaofichwa. Mtoto mwenye ulemavu hufungiwa chumba cha nyuma ili "asiaibishe" watu. Mtoto yatima anayelelewa na jamaa hutumwa kuchunga mbuzi siku nzima, na wenzake wamevaa nguo mpya. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inakataza kumbagua mtoto. Lakini hata kabla ya sheria, dhamiri yako inakuambia nini? Ikiwa nguo mpya hazitoshi watoto wote wa nyumba, afadhali wote wavae za zamani zilizofuliwa vizuri. Mtoto mwenye ulemavu awe mbele, kivulini, na mtu wa kumlisha. Wageni wataangalia namna ninyi mnavyomtazama, nao watafanya vivyo hivyo.

Siku za kawaida

Mwisho, sherehe haingojei Desemba. Mnaweza kuimba na kupiga makofi mtoto anapotoa jino la kwanza, au anapopiga hatua mbili bila kushikwa. Mtoto akidungwa sindano ya pili ya surua akiwa na miezi 18, mpikieni kitu anachokipenda siku hiyo, na kitabu cha kliniki kiwekwe juu ya meza kama cheti cha shule. Muulizeni muuguzi kama kuna chanjo nyingine iliyobaki. Katika sehemu za kanda ya Ziwa, kwa mfano, chanjo ya malaria ilianza kutolewa mwaka 2019, na ina zaidi ya dozi moja.

Na jioni, kabla ya kulala, dakika kumi tu: redio izimwe, simu iwekwe kando, vitendawili vitegwe. Hazigharimu hata shilingi, na mtoto anayezipata kila siku hahitaji sherehe kubwa ili ajue kwamba anapendwa.

Kazi ya kikundi

Msiondoke hapa mkasema, "Wamezungumza vizuri." Tunawapa kazi. Katika mkutano wenu ujao, jadilini maswali haya:

1. Katika kikundi chetu, ni nyumba ngapi zilizokopa Desemba iliyopita, na deni liliisha lini?
2. Tunaweza kuweka shilingi ngapi kwa wiki bila kuumia? Nani watatu watashika pesa hizo?
3. Ni watoto wangapi wa wanachama wetu ambao hawajaandikishwa kuzaliwa?
4. Sherehe inayokuja ni ya nani, na walinzi wa watoto watakuwa akina nani?
5. Je, kuna mtoto kijijini kwetu asiyealikwa popote? Nani atakwenda kumchukua?

Andikeni majibu kwenye kitabu cha kikundi. Tutakaporudi baada ya mavuno tutaomba kukiona hicho kitabu, na tutawauliza watoto wenyewe kama walikula kwanza. Sasa tuwape nafasi walioinua mikono, tukianza na yule mama mwenye mtoto, kabla hajalala.